Utii wa Woga na Ugumu wa Kukaidi: Mafunzo ya Vita vya Maji Maji

Katika madarasa ya elimu ya siasa kuna swali moja ambalo hurudi kila mwaka, ingawa wanafunzi hubadilika. Wakoloni walikuwa wachache na sisi tulikuwa wengi; kwa nini basi tuliwatii? Swali hili huulizwa kwa uchungu, na mara nyingine kwa lawama dhidi ya wazee wetu. Makala haya yana shabaha ya kulijibu kwa kutumia historia ya nchi yetu yenyewe, hasa historia ya Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Si kwa ajili ya kukumbuka mashujaa peke yake. Kada asiyeelewa kwa nini watu hutii hataelewa pia kwa nini watu wanaomsikiliza yeye hunyamaza, na atadhani kimya chao ni kukubali.

1. Majibu mawili yasiyotosha

Jibu la kwanza ambalo hutolewa haraka ni bunduki. Inasemwa kwamba Mjerumani alikuwa na bunduki, Mwafrika alikuwa na mkuki na gobori, na hapo hoja imekwisha. Ni kweli kwamba bunduki ilikuwapo. Lakini bunduki haiwezi kukaa katika kila shamba. Mwaka 1905 koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani lilikuwa nchi kubwa kuliko Ujerumani yenyewe. Katika milima ya Umatumbi, nyuma ya Kilwa, mtu angeweza kutembea siku nzima bila kumwona Mzungu hata mmoja. Hata hivyo kodi ililipwa, barabara zilifyekwa, na pamba ililimwa. Nani alikuwa amesimama nyuma ya kila mlimaji siku ile? Hakuwapo Mjerumani, na mara nyingi hakuwapo hata askari.

Jibu la pili ni kusema kwamba wazee wetu walikuwa waoga au wajinga. Hili ni jibu la mkoloni mwenyewe, ambalo baadhi yetu tumelirithi bila kujua. Historia inalikanusha. Mwaka 1888 na 1889 watu wa pwani walipigana chini ya Abushiri bin Salim, mpaka aliponyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Tarehe 17 Agosti 1891 majeshi ya Mkwawa yalilishinda jeshi la Kijerumani huko Lugalo na kumwua kamanda wake, Zelewski. Na Mkwawa hakukoma kupigana mpaka mwaka 1898, alipojiua ili asikamatwe. Mwaka 1895 Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kilwa Kivinje kwa kupinga utawala huo huo. Watu waliofanya haya hawakuwa waoga.

Basi, ikiwa bunduki haikuwa kila mahali, na ikiwa watu hawakuwa waoga, utii ule ulitoka wapi?

2. Mnyororo wa amri

Utawala wa kikoloni haukumwamrisha mkulima moja kwa moja. Uliunda mnyororo. Gavana alikaa Dar es Salaam. Chini yake alikuwapo bwana shauri katika boma la wilaya. Chini ya bwana shauri alikuwapo akida, ambaye mara nyingi alikuwa mtu wa pwani, mwenye kujua kusoma na kuandika, aliyepelekwa kutawala watu wasio wake. Chini ya akida walikuwapo majumbe, na hawa walikuwa wenyeji wa pale pale. Kwa hiyo amri iliyotungwa na Mjerumani ilimfikia mkulima kwa kinywa cha jirani yake, pengine cha mjomba wake.

Tuangalie pamba. Kuanzia mwaka 1902, wakati wa Gavana von Götzen, serikali ya kikoloni ilianzisha mashamba ya pamba ya pamoja kusini mwa nchi. Kila jumbe alitakiwa kuwa na shamba, na watu wake walitakiwa kulima kwa zamu, takriban siku 28 kwa mwaka. Mapato yaligawanywa, na sehemu iliyomfikia mlimaji ilikuwa ndogo kiasi kwamba wako waliokataa kuipokea. Kazi hii ilikuja juu ya kodi ya kibanda ya rupia 3, iliyoanza kutozwa mwaka 1898, na juu ya kazi za kufyeka barabara na kubeba mizigo. Aliyechelewa alipigwa kiboko. Adhabu ya viboko ishirini na vitano ilizoeleka mpaka ikapata jina lake katika Kiswahili: hamsa ishirini.

Sasa tazama nafasi ya kila mtu katika mnyororo huu. Jumbe akishindwa kuleta watu, yeye ndiye atakayelazwa chini mbele ya watu wake. Akida akishindwa kuleta pamba, atapoteza cheo na fungu lake la mapato. Askari asipopiga, atapigwa yeye. Bwana shauri asipotimiza hesabu, gavana atamwandikia barua. Kila mmoja alitii kwa sababu yake mwenyewe, na kila mmoja aliweza kusema kwamba si yeye aliyetunga amri hiyo. Dhuluma ilikuwa kubwa, lakini ilikatwa vipande vidogo, na hakuna mtu hata mmoja aliyeubeba mzigo wote wa lawama. Hii ndiyo siri ya kwanza ya utawala wa wachache juu ya wengi.

3. Mizizi minne ya utii

Tukichambua hali halisi ya mkulima wa Umatumbi au wa Rufiji kabla ya Julai 1905, tunaona kwamba utii wake ulikuwa na mizizi minne.

Mzizi wa kwanza ni kumbukumbu ya adhabu. Mtu hahitaji kuiona bunduki leo ikiwa aliona mti wa kunyongea jana. Wajerumani walilijua hili vizuri. Waliwanyonga wapinzani wao hadharani, na kichwa cha Mkwawa walikikata na kukipeleka Ujerumani. Kilirudishwa Kalenga mwaka 1954 tu. Adhabu ya mtu mmoja ilikusudiwa kuwatawala maelfu waliobaki hai.

Mzizi wa pili ni mahitaji ya kila siku. Mwenye mke, watoto na ghala la mtama hapigani peke yake. Akikimbia, nyumba yake itachomwa. Akikaa, ataonewa, lakini watoto watakula. Kwa hiyo utii mara nyingi si imani, ni hesabu. Mkulima anapima hasara ya leo na hasara ya kesho, naye huchagua iliyo ndogo.

Mzizi wa tatu ni heshima na mazoea. Katika jamii zetu mtoto hufundishwa kumtii mkubwa, na mkubwa hufundishwa kumlinda mdogo. Huu ulikuwa mkataba wa pande mbili. Ukoloni ulichukua nusu ya kwanza ya mkataba na kuitupa nusu ya pili. Ulimtumia jumbe kwa sababu watu walikuwa wamezoea kumsikiliza, kisha ukamlazimisha awaumize wale wale waliomsikiliza.

Mzizi wa nne, ambao ndio mgumu kuliko yote, ni upweke. Kila mkulima alijua kwamba yeye anaichukia pamba. Hakujua kama jirani yake ameiva kiasi cha kukataa. Alihisi hivyo, alisikia minong'ono, lakini hakuwa na hakika. Na maadamu hana hakika, akikataa leo huenda akajikuta amesimama peke yake, huku wengine wameinama wakilima. Watu elfu kumi wenye chuki moja, ambao hawajuani nia, ni dhaifu kuliko watu hamsini wanaojuana.

4. Mtu wa kwanza

Mzizi huu wa nne unastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu unaeleza kwa nini kukaidi ni kugumu hata pale ambapo wengi wanataka.

Mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, mtaalamu wa saikolojia aitwaye Stanley Milgram alianza majaribio ambayo yamejadiliwa sana tangu wakati huo. Mtu wa kawaida aliyekuja kwa hiari aliambiwa na msimamizi kwamba anasaidia utafiti wa kujifunza. Kila mara mwenzake aliyekuwa chumba cha pili alipokosea jibu, alitakiwa kumpiga kwa umeme, na kuongeza nguvu ya umeme hatua kwa hatua. Kwa kweli umeme haukuwapo, na mwenzake alikuwa akiigiza. Lakini aliyebonyeza swichi hakujua. Katika jaribio moja lililotajwa sana, watu 26 kati ya 40 waliendelea mpaka mwisho, volti 450. Hakuna aliyewatisha kwa bunduki. Wengi walitoka jasho, walilalamika, waliuliza kama waendelee. Lakini walipoambiwa waendelee, waliendelea.

Wapo wanaolitaja jaribio hili na kuishia hapo, kana kwamba limethibitisha kuwa binadamu ni mtumwa kwa asili. Hawaendelei kusoma. Milgram alibadili masharti mara nyingi. Alipowaweka pamoja na mtu huyo wenzake wawili waliokataa kuendelea mbele yake, hali iligeuka kabisa: kati ya watu 40 ni 4 tu waliofika mwisho. Na alipoweka wasimamizi wawili waliopingana, mmoja akisema endelea na mwingine akisema acha, hakuna aliyefika mwisho. Mtu alikuwa yule yule wa kawaida. Kilichobadilika ni kwamba upweke wake ulivunjwa.

Ni kweli kwamba jaribio la saa moja katika chumba cha chuo kikuu haliwezi kueleza ukoloni, ambao ulikuwa mfumo wa unyonyaji wenye jeshi, kodi na soko. Lakini linathibitisha jambo ambalo wakulima wa Umatumbi walikuwa wamekwisha kulitatua kwa vitendo zaidi ya miaka hamsini kabla yake. Walijua kwamba mtu wa kwanza kukataa ndiye anayelipa gharama kubwa kuliko wote, na kwamba kazi ya wale wanaotaka mabadiliko ni kuhakikisha mtu huyo hasimami peke yake.

5. Maji yalifanya kazi gani

Mwaka 1904 huko Ngarambe, karibu na mto Rufiji, alitokea mganga aitwaye Kinjeketile Ngwale. Ilisemekana kwamba alikuwa amepandwa na pepo Hongo. Alitoa dawa ya maji, na watu wakaanza kumiminika Ngarambe kutoka kwa Wamatumbi, Wangindo, Warufiji na wengineo. Habari ilipelekwa kwa siri, kutoka sikio hadi sikio, kwa njia ambayo wazee wa Umatumbi waliiita njwiywila.

Watu wengi wanajua jambo moja tu kuhusu maji yale: kwamba yaliaminiwa kugeuza risasi kuwa maji, na kwamba hayakugeuza. Kwa hiyo huyaona maji kuwa ni ushirikina uliowaponza watu. Uchambuzi wa namna hii unaangalia dawa na kusahau kazi iliyofanywa na dawa.

Ukiyatazama maji kwa jicho la siasa, utaona kwamba yaliigusa mizizi yote minne. Dhidi ya kumbukumbu ya adhabu, yalileta tumaini kwamba safari hii adhabu haitafika. Dhidi ya heshima iliyotekwa na mkoloni, yalileta mamlaka mengine, ya mizimu na mababu, ambayo yalikuwa makubwa kuliko akida na boma. Dhidi ya hesabu ya mahitaji, yaliahidi kwamba hasara haitakuwa ya nyumba moja moja. Na dhidi ya upweke, yalifanya kazi ambayo ndiyo kubwa kuliko zote: kila aliyekunywa maji alijulikana kwa wenzake kuwa amekunywa. Mtu alisafiri mpaka Ngarambe, akakutana njiani na watu wa ukoo mwingine, wa lugha nyingine, wanaokwenda kwa shabaha ile ile. Aliporudi, hakuwa tena na haja ya kukisia. Alijua.

Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete katika Umatumbi, uamuzi ulifanyika. Wazee waliohojiwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960 walisimulia kwamba Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela ndio waliotangulia kung'oa miche ya pamba. Angalia jinsi kitendo hiki kilivyokuwa kidogo: hawakuanza kwa kumwua mtu wala kwa kuchoma boma. Waling'oa miche. Lakini kila mtu, pamoja na akida wa Kibata, alielewa maana yake. Ilikuwa ni tangazo la hadharani kwamba amri imekataliwa, na baada ya tangazo hilo hapakuwa na njia ya kurudi nyuma.

Wajerumani walimnyonga Kinjeketile huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Kama tatizo lingekuwa mtu mmoja mchochezi, vita vingeishia pale. Havikuishia. Katikati ya Agosti boma la Liwale lilianguka. Tarehe 30 Agosti maelfu ya watu walilishambulia boma la Mahenge. Mwezi Septemba Wangoni waliingia vitani. Makabila zaidi ya ishirini, ambayo kabla ya hapo hayakuwa na chama, mfalme wala jeshi la pamoja, yalisimama dhidi ya dola moja.

6. Gharama, na mipaka ya maji

Haitoshi kusifu. Kada anayefundisha historia kwa sifa peke yake anawanyima wanafunzi nusu ya somo.

Maji yalivunja upweke, lakini hayakujenga jeshi. Mahenge, watu walikwenda mbele ya bunduki za rashasha kwa makundi, wakaanguka. Imani iliyowaunganisha ilipovunjika mbele ya risasi, hapakuwa na kitu kingine cha kuwaunganisha katika kiwango kile kile. Kila eneo lilirudi kupigana kivyake, kwa ushujaa mkubwa, lakini kivyake. Tena, si wote walioingia. Wako watemi na machifu waliobaki upande wa Mjerumani, wengine kwa woga, wengine kwa faida, na wengine kwa sababu jirani yao aliyeingia vitani alikuwa adui yao wa zamani. Wahehe, ambao miaka kumi kabla yake walikuwa wamepigana vikali kuliko wengi, safari hii walitoa wapiganaji wa kumsaidia mkoloni. Na askari walioiteketeza nchi kwa amri ya Mjerumani walikuwa, wengi wao, Waafrika. Utii wao nao una mizizi, na hatuna haki ya kuuficha.

Mkoloni alipoona kwamba hawezi kuwashinda watu waliotawanyika porini kwa mapigano peke yake, aliamua kutumia njaa. Vijiji vilichomwa, maghala yaliteketezwa, mifugo ikachukuliwa, na watu wakazuiwa kulima. Songea, mwezi Februari 1906, viongozi wengi wa Wangoni walinyongwa. Siku ya tarehe 27 Februari ndiyo inayokumbukwa huko kila mwaka. Takwimu za Wajerumani wenyewe zilitaja watu 75,000 waliokufa. Wanahistoria wetu wamekadiria 250,000 hadi 300,000, wengi wao kwa njaa na maradhi. Upande wa Wajerumani walikufa Wazungu 15 na askari na wasaidizi wa Kiafrika 389. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea na kuomba msamaha. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka mia moja na kumi na tano.

Hivyo ndivyo kukaidi kulivyogharimu. Anayewauliza wazee wetu kwa nini walitii, kwanza azitazame takwimu hizi. Baada ya mwaka 1907 watu wa kusini walikuwa na kumbukumbu mpya ya adhabu, kubwa kuliko ile ya kwanza. Lakini hata katika kushindwa kulikuwa na kitu kilichopatikana: gavana aliyefuata, von Rechenberg, aliuacha mpango ule wa mashamba ya pamba ya kulazimishwa. Mkoloni alikuwa amejifunza kwamba utii una kikomo.

7. Kutoka maji hadi kadi

TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, Vita vya Maji Maji vilikuwa bado vimo katika vichwa vya watu waliokuwa hai. Wako wazee waliouliza kwa hofu ya haki kabisa kama vijana hawa wanataka kuwarudisha kwenye njaa ile. Mwaka 1956 Mwalimu Nyerere aliitaja historia hiyo mbele ya Umoja wa Mataifa, akieleza kwamba wazee wale walipigana kwa sababu hawakukubali kuwa mgeni ana haki ya kuwatawala. Chama kilitakiwa kutatua tatizo lile lile la upweke, lakini bila kuwapeleka watu mbele ya rashasha.

Chombo kilichotumika kilikuwa ni kadi. Kadi ya chama haikugeuza risasi kuwa maji, na hakuna aliyedai hivyo. Lakini ilifanya kazi ile ile ya kuwajulisha watu kwamba si wapweke. Mwenye kadi alijua kwamba katika wilaya nyingine, katika kabila jingine, kuna mwenye kadi kama yake. Serikali ya Kiingereza ililielewa hili, ndiyo maana iliyakataza matawi ya TANU katika Usukuma kuanzia mwaka 1954 hadi 1958.

Ukaidi wa kipindi hiki ulikuwa wa hesabu. Mwezi Julai 1955 wakulima wa Uluguru walikataa kulazimishwa kuchimba matuta ya mlimani. Serikali ilitumia polisi, lakini hatimaye mpango uliachwa. Mwaka 1958 maelfu ya watu wa Geita walikwenda kwa miguu mpaka Mwanza kupinga baraza la mseto lililowekwa bila ridhaa yao, na baraza hilo likaondolewa. Mwaka huo huo Mwalimu alishitakiwa kwa kuandika habari za kuwakashifu mabwana wilaya wawili, akahukumiwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Alilipa faini, kazi ikaendelea. Kuchagua mahali pa kusimama, na gharama ya kulipa, ni sehemu ya elimu ya kukaidi.

Wala tusifanye kosa la kudhani kwamba kila ukaidi ni wa haki. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito waliasi. Walikuwa na madai ya kweli kuhusu mishahara na kuhusu maofisa Waingereza. Lakini mtu mwenye silaha anayekataa amri, bila kuwajibika kwa umma, hamkomboi mtu yeyote. Na nchi changa ililazimika kuomba msaada wa majeshi ya Mwingereza aliyekuwa ameondoka juzi. Ukaidi hupimwa kwa swali hili: ni kwa faida ya nani, na ni nani atakayelipa?

8. Swali gumu zaidi

Mpaka hapa kada anasoma kwa raha, kwa sababu mkoloni ni mtu mwingine. Swali gumu linaanza pale dola inapokuwa yetu.

Mwongozo wa TANU wa Februari 1971 ulilitambua jambo hili. Kifungu chake cha 15 kilimkataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi walikisoma kifungu hicho wakakichukua kwa uzito wake. Kati ya mwaka 1971 na 1973 migomo mingi ilifanyika viwandani, si kwa ajili ya mshahara tu, bali kwa sababu ya meneja anayetukana. Lakini mwaka 1973 wako wafanyakazi waliofukuzwa kazi kwa kwenda mbali kuliko wakubwa walivyotarajia. Haki iliyoandikwa karatasini haikutosha kumlinda mtu wa kwanza.

Kisha tukafika kwenye vijiji. Mwezi Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na kazi ikamilike kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Watu waliokuwa wakiishi katika vijiji vya ujamaa walikuwa takriban milioni 2 mwaka 1973. Kufikia mwaka 1977 waliohesabiwa vijijini walikuwa takriban milioni 13. Shabaha ilikuwa njema: shule, maji, zahanati. Lakini mahali pengi watu walisombwa kwa nguvu, nyumba za wengine zikachomwa, na vijiji vingine vikawekwa mahali pasipo na maji wala ardhi ya kufaa. Mwaka 1977, katika tathmini ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu mwenyewe alikiri kwamba makosa yalifanyika.

Tuulize kwa uaminifu: je, hakuna kada aliyejua kwamba pale panapopimwa hapana maji? Walikuwapo. Wenyeji walijua, mabalozi wa nyumba kumi walijua, na baadhi ya maofisa walijua. Kwa nini basi hawakusema? Tukitafuta jibu, tunaikuta ile mizizi minne. Balozi aliogopa kuitwa mpinga maendeleo. Katibu aliogopa cheo chake. Ofisa aliogopa kwamba wilaya ya jirani imekwisha kutoa taarifa ya asilimia mia moja. Na kila mmoja, akiwa peke yake, alidhani kwamba ni yeye tu mwenye mashaka. Mnyororo ulikuwa wetu, shabaha ilikuwa yetu, lakini kimya kilikuwa kile kile.

Sisemi kwamba Chama kilikuwa sawa na mkoloni. Mkoloni alikuja kunyonya, na hakuwa na haki yoyote ya kuamrisha. Tofauti hii ni ya msingi. Lakini kwa sababu ni ya msingi, haifai kutumiwa kama blanketi la kufunikia uonevu. Mkulima anayehamishwa kwenye shamba lake na mtu asiyemsikiliza hapozwi na habari kwamba mtu huyo ni mwenzake. Naye hujibu kwa silaha ya zamani ya wanyonge: anatii nusu. Anakuja mkutanoni, anapiga makofi, kisha anarudi usiku kulima shamba lake la zamani. Kiongozi huhesabu makofi, akaandika taarifa ya ushindi.

9. Wajibu wa kada

Nidhamu ya Chama si utii wa woga. Nidhamu ni kutekeleza uamuzi ambao mtu ameshiriki kuujadili, na ambao ana nafasi ya kuukosoa. Mahali ambapo mjadala haukufanyika, kinachobaki ni amri tu, na mwenye kuitekeleza ni jumbe, hata kama amevaa sare ya Chama. Kutokana na historia hii kada ana kazi nne za kufanya.

Kwanza, anapopeleka uamuzi kwa wananchi, apeleke pamoja na sababu zake, na arudi juu na majibu yao kama yalivyo, hata yakiwa machungu. Ahadi ya mwanachama ya kusema kweli daima haikuwekewa sharti kwamba kweli hiyo iwafurahishe wakubwa.

Pili, amlinde mtu wa kwanza. Mkutanoni, anaposimama mzee mmoja na kusema kwamba jambo hili halitafaa, wengine wote huangalia kitakachompata. Akikaripiwa, mkutano umekwisha, hata kama utaendelea kwa saa tatu. Akisikilizwa, watasimama wa pili na wa tatu, na hapo ndipo kiongozi atakapojua hali halisi.

Tatu, kila mmoja katika mnyororo akatae kusema kwamba yeye ni mpitishaji tu. Aliyepitisha amri ya dhuluma ameitenda sehemu yake.

Nne, anapolazimika kupinga, apinge waziwazi, katika vikao, pamoja na wenzake, akijua gharama na akiwa tayari kuilipa. Minong'ono ya pembeni haimsaidii mwananchi.

Maswali ya kujadili katika vikundi vya kujisomea

1. Katika tawi lenu, ni uamuzi gani wa karibuni uliopitishwa bila mtu yeyote kuupinga? Je, wote waliukubali kweli? Mtajuaje?

2. Jumbe wa mwaka 1905 angeweza kufanya nini bila kuangamia yeye na watu wake?

3. Linganisheni maji ya Ngarambe na kadi ya TANU. Vyote viwili viliwaunganisha watu. Ni kwa nini kimoja kilivunjika mapema na kingine kikadumu?

4. Tajeni njia tatu ambazo wananchi wa eneo lenu huzitumia kutii nusu. Zinawafundisha nini viongozi wenu?